Vyeo vya Kuku wa Hariri

Mtu hudhani kuwa anamjua kuku kwa sababu alizaliwa akamkuta uani. Anajua ladha ya nyama yake, bei ya yai lake na saa ya kuwika kwake. Lakini ukimwuliza ni yupi katika kundi hula kwanza na ni yupi hungoja, hana jibu. Ewe msomaji, nataka tulitazame jambo hili pamoja, maana kundi la kuku ni jamii yenye vyeo, na vyeo hivyo vina mafunzo kwako wewe uliye shuleni.

Nyuma ya nyumba yangu nafuga kuku wa hariri, ambao kwa Kiingereza huitwa Silkie. Asili yao ni mashariki ya Asia. Marco Polo, msafiri wa Venice aliyefika China katika karne ya 13, alisimulia habari za kuku wenye nywele kama za paka. Manyoya yao hayana vile vikulabu vidogo vinavyoyashikanisha manyoya ya kuku wengine. Kwa hiyo ni laini kama pamba, lakini hayakingi mvua wala hayafai kurukia. Ngozi yao ni nyeusi, na kila mguu una vidole vitano badala ya vinne. Kichwani wana kishungi kikubwa. Ni wapole, na kuatamia ni kazi waipendayo, hata wakiwekewa mayai ya bata.

Usidhani, lakini, kuwa upole ni sawa na usawa. Koo wangu mmoja aliatamia siku 21 akaangua vifaranga sita. Siku za kwanza hawakuwa na mkubwa wala mdogo. Walilala kwa kubanana chini ya mbawa za mama yao, na alipowaita kwenye chakula walikimbia wote pamoja. Baada ya wiki chache mambo yakageuka. Wawili walisimama uso kwa uso, shingo zimenyoshwa, wakarukiana kifua kwa kifua, kisha mmoja akainamisha kichwa akaondoka. Kesho yake ikawa zamu ya wengine. Walipokaribia kuwa tembe na pora, kila mmoja alijua ni nani awezaye kumdonoa na ni nani yeye awezaye kumdonoa.

Jambo hili lilichunguzwa na Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtu wa Norway, ambaye tangu utoto wake alikuwa akiwatazama kuku. Mwaka 1922 alichapisha maelezo ya utaratibu huo kwa lugha ya Kijerumani. Utaratibu huo una faida. Vyeo vikishajulikana, ugomvi hupungua. Mkubwa hutazama tu, na mdogo hupisha. Lakini una hasara pia, na hasara yote humwangukia wa mwisho. Chombo cha chakula kikiwa kimoja, yeye hula makombo na kukonda. Na akitoka damu, wenzake huvutwa na wekundu ule wakazidi kumdonoa.

Katika wale sita, wa mwisho alikuwa tembe mweupe mwenye kishungi kilichomfunika macho. Kila siku alidonolewa kuliko wote. Nilimtazama siku nyingi nikatambua sababu. Hakuwa dhaifu wala mkaidi. Hakumwona mkubwa alipomjia, basi hakupisha kwa wakati, na wenzake wakamwadhibu kama kwamba amewadharau. Nikayapunguza kwa mkasi manyoya yaliyoziba macho yake, tena nikaweka chombo cha pili cha chakula mbali na kile cha kwanza. Hakupanda cheo, alibaki wa mwisho. Lakini sasa aliona, akapisha, akala akashiba, na kidonda cha kichwani pake kikapona.

Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfugaji ajuaye kazi yake hamtupi mgeni katikati ya kundi usiku mmoja. Humweka kando, nyuma ya wavu, siku kadhaa waonane bila kudonoana, ndipo awachanganye. Katika shule zetu, kila mwaka huingia wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Wapo wakubwa ambao huwanyang'anya chakula, huwatuma maji usiku, huwacheka kwa lafudhi yao, na wakiulizwa hujibu kuwa hata wao walitendewa hivyo. Jibu hilo lingemfaa kuku, maana kuku hana uwezo wa kushika mkasi wala kuleta chombo cha pili. Wewe unao.

Basi umwonapo mwenzako amesimama mwisho wa mstari, ambaye kila mtu humwita mjinga au mwenye kiburi, usifanye haraka kumhukumu. Chunguza kwanza kama kuna kitu kimemfunika macho: labda hajaielewa lugha ya wenziwe, labda hasikii vizuri, labda ana huzuni ya nyumbani. Kisha mwondolee unachoweza kumwondolea. Vyeo havitakwisha duniani, na shule haiwezi kuwa bila viranja. Lakini cheo kisichomwachia wa mwisho nafasi ya kula na kusoma ni cheo cha kizimba, na hakimfai binadamu.