Vishimo vya Mabakuli

Mzee mmoja wa Ushongo aliulizwa na mjukuu wake kama pwani hii ilipata kuwa na masanamu na chemchemi za mawe mithili ya zile za Roma. Hakumjibu, alimvusha mto Pangani, akampeleka Tongoni. Huko, katika karne ya 14 na ya 15, mafundi walisimamisha nguzo za matumbawe juu ya makaburi, wakazipachika mabakuli ya kaure ya Uchina. Sura ya mtu hawakuichonga. Maji nayo yalipambwa kwingine: Kilwa, katika Husuni Kubwa, lipo birika la pembe nane.

Nguzo nyingi za Tongoni zimelala. Mabakuli yamebanduliwa, vimebaki vishimo. Mtoto alitia ngumi katika kimoja, ikaenea.

“Babu, nani kayatoa?”

Mzee hakuwa na jina la kumtajia.