Jeep ya Marehemu Babu



Wengi wanaopita nyumbani kwetu Kamembe, hapa Rusizi, wametuuliza habari za ile Jeep kuukuu iliyokaa miaka chini ya mparachichi na ambayo sasa inatembea. Sisi wajukuu tumeona tuieleze habari hiyo hapa, kwani ndani yake mna mambo mawili yanayozigusa familia zetu nyingi: mirathi, na ufundi wa mikono.

Gari lenyewe ni Willys CJ-3B, la kutoka Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1953 na kumalizika mwaka 1968. Utaitambua kwa boneti yake iliyoinuka kuliko ya Jeep za Vita vya Pili vya Dunia. Sababu ni injini yake, iitwayo Hurricane, yenye silinda 4: valvu za kuingiza ziko juu kwenye hedi, za kutolea moshi ziko pembeni ndani ya bloku. Injini ikawa ndefu, na boneti ikabidi iinuliwe. Marehemu babu aliinunua Bukavu ikiwa imeshatumika sana, akawa anapakia mchele wa Bugarama kuuleta Kamembe. Alipofariki, Allah amrehemu, ilibaki pale mtini. Kuku wakataga kwenye viti na kutu ikala sakafu.

Vijana wajue pia kwa nini babu alikuwa dereva na fundi, si karani wala mwalimu. Zama za Wabelgiji, Waislamu wengi wa mijini waliishi katika makazi yaliyotengwa, yakiitwa kambi za Waswahili, na kutoka humo kulihitaji kibali. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi waliogopa watoto wao wasibadilishwe dini. Mlango wa ofisi ukawa mgumu kwao. Iliyobaki wazi ilikuwa biashara, usukani na spana, na wazee wetu wengi wakaingia huko. Basi gari lile lilikuwa zaidi ya chuma. Lilikuwa elimu ambayo babu aliweza kuipata.

Siku moja alikuja mnunuzi wa chuma chakavu. Jeep hii ina uzito wa karibu tani moja, naye akatoa bei ya faranga 320,000. Nyumba ikagawanyika. Baba mdogo alikuwa na ada za watoto zinamsubiri. Shangazi zetu wawili nao walitaka kuuza, kila mmoja na shida yake. Sisi wajukuu tulitaka itengenezwe, na maneno yakaanza kuwa makali. Baba mkubwa, ambaye ndiye fundi aliyebaki katika ukoo, alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema: "Kabla hamjashika spana, niambieni kwanza gari hili ni la nani."

Tukanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejiuliza. Babu alikufa zamani na shamba liligawanywa, lakini gari lilisahauliwa. Tukamwendea imamu, akatupigia hesabu mbele ya wote. Babu aliacha mke, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Mke ana thumni, yaani sehemu moja katika nane: faranga 40,000. Zilizobaki 280,000 zikagawanywa mafungu manane, mwanamume mawili na mwanamke moja. Kila mtoto wa kiume 70,000, kila binti 35,000.

Baba mkubwa na baba yetu wakasema wao wanataka gari. Basi iliwapasa kuwalipa baba mdogo na shangazi wote wawili, jumla 140,000, kwa bei ile ile ya mnunuzi. Bibi tulimwuliza peke yake chumbani, asije akaona haya mbele ya wanawe akasema asichokitaka. Akasema thumni yake ibaki ndani ya gari. Fedha zile zilitafutwa kwa muda wa miezi minne, na muda wote huo baba mkubwa hakuruhusu tufungue hata nati moja. Siku ya malipo iliandikwa karatasi, mashahidi wawili wakatia saini. Shangazi mkubwa alipopokea bahasha yake alilia. Alisema hakutegemea kuitwa, maana kwa majirani mabinti hupewa habari mambo yakiwa yameshakwisha.

Ndipo kazi ikaanza. Injini ilikuwa imekwama. Tulifungua plagi, au buji kama tunavyoziita huku, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaiacha siku kumi. Jeep hizi zina tundu la hendeli mbele. Siku ya kumi na moja tukaizungusha taratibu, ikasogea kidogo, ikarudi, ikasogea tena. Hakuna aliyetumia nguvu, kwa maana ringi za pistoni zikivunjika huna la kufanya.

Tulidhani kinachofuata ni kuiwasha. Baba mkubwa akasema hapana, breki kwanza. Gari hili lina mfumo mmoja tu wa breki za maji: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Na anayeijua Kamembe anajua miteremko ya kushukia mpakani Rusizi ya Kwanza. Mabomba yote yakabadilishwa, na silinda ndogo za magurudumu pia. Kisha tukakata sakafu iliyooza, tukachomelea bati jipya.

Spea zilitutia wasiwasi, lakini alhamdulillahi zilipatikana. Kampuni ya Mahindra ya India ilianza kuunganisha Jeep, ikaendelea na umbo hili la CJ-3B kwa miongo mingi baada ya Wamarekani kuliacha. Kwa hiyo vifaa vingi vya India vinaingiliana na vya gari hili, na madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam walituletea kidogo kidogo.

Macho ya baba mkubwa hayaoni vizuri tena. Ilipofika zamu ya kurekebisha platini, ambazo uwazi wake ni nusu milimita tu, alimpa kipimo dada yetu anayesoma sekondari. Akamwambia asikilize kwa vidole: kipimo kipite kwa kugusa, kisipite kwa kulegea. Kisha akamfundisha mpangilio wa moto, moja, tatu, nne, mbili, hadi akaweza kuusema kwa haraka bila kufikiri. Injini ilipowaka alasiri moja, moshi ulijaa uani na bibi akatufukuza.

Ndugu wasomaji, hatutawadanganya kuhusu gharama. Matengenezo yalizidi maradufu bei ya chuma chakavu, na mpaka leo gari linavuja oili kidogo. Anayetafuta faida asitufuate. Lakini baba mdogo na shangazi zetu huja kupakiwa bila kinyongo, na katika ukoo wetu fundi wa platini si mmoja tena, ni wawili.

Basi angalieni majumbani mwenu. Huenda kuna cherehani, mashine ya kusaga au gari la marehemu ambalo haki zake hazijatolewa. Anzeni na haki. Kisha muiteni mzee anayejua kulitengeneza, akae kitini karibu nanyi, na spana mshike ninyi.

Wabillahi tawfiq.