Njiti alale: kutoka Handeni hadi wodi ya Korogwe

Barabara ya Handeni kwenda Korogwe ni ya lami, kilomita kama 65. Ukitoka Chanika unapita mashamba ya mahindi na michungwa mpaka milima ya Usambara inajitokeza mbele, na chini yake Korogwe na makelele yake: mabasi ya Arusha na Dar es Salaam, honi, wachuuzi wanaokimbilia madirisha.

Kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37, safari hiyo ni ndefu, na huenda akapelekwa mbele zaidi, Hospitali ya Bombo, Tanga. Hali yake ikiruhusu, mahali pazuri pa kusafiria ni kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kafungwa kanga, kofia kichwani. Hapo anapata joto, na anapata tiba ambayo ndugu wengi hawaihesabu: usingizi.

Ubongo wa njiti hujengeka sana akiwa amelala. Akishtuliwa, moyo huenda mbio, oksijeni huweza kushuka, na nguvu ya kunenepa hupotea bure. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 1997 kelele za wodi ya wachanga mahututi zisizidi desibeli 45. Watu wawili wakizungumza kawaida tu hufika 60.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2021, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa vifo kwa robo hivi, kuliko waliosubiri kwanza watengemae. Haukupima usingizi, lakini wauguzi wanajua njiti hulala vizuri wapi.

Shida huja saa ya kuona wagonjwa. Shangazi kaamka alfajiri Handeni, kabeba uji wa mzazi, anataka kuona macho ya mtoto. Anamgusa shavu: "Amka basi, tukuone." Ni mapenzi, ila yamekuja saa mbaya. Heri amuulize muuguzi saa ya maziwa. Hapo ndipo nepi, dawa na kuangaliwa hufanywa kwa pamoja. Kitambaa cha kuzuia mwanga juu ya mashine ya joto akiweke muuguzi mwenyewe, mtoto asije akabadilika rangi pasipo kuonekana. Na njiti anayelala mpaka hataki kunyonya, aitiwe muuguzi upesi.

Baba naye ana kifua. Mama akienda kuoga, avue shati, apokee mtoto, simu amwachie mjomba huko nje.