Ugo wa Mtandamboo huko Moroto

Msafiri atokaye Soroti kuelekea Moroto huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Vinamasi vya Teso hubaki nyuma, majani hufupika, migunga hushika nafasi. Mji wenyewe umekaa chini ya Mlima Moroto, upitao meta 3,000. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo mkavu huvuma na udongo hupasuka.

Nilipohamishiwa huko kikazi nilichukua vipandikizi vya oleanda, kwa kuwa kichaka hicho hakipukutishi majani na huchanua hata juani. Kilishika upesi, majirani wakakisifu. Kisha mbuzi wa askari tuliyepakana naye akala majani niliyopunguza, akafa kabla ya jioni. Mke wa askari hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilikuwa nikijua. Naam, nilikuwa nikijua. Sumu ya oleanda hushika moyo, nayo imo katika jani, ua na shina, wala haitoki vikikauka. Na mama huyo ana watoto watano.

Niling'oa yote nikayafukia, maana hata moshi wake una sumu.

Mahali pake nikapanda mtandamboo, ambao Waganda huuita muyonza. Ajabu ni kwamba mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Lakini tunda la mtandamboo lililoiva, jeusi la kuelekea zambarau, ni chakula. Miiba yake huzuia mbuzi, na mwizi pia.

Mbegu nilizitoa katika matunda yaliyoiva, nikaziosha na kuzipanda mara moja katika makopo yaliyotobolewa. Miche niliihamisha mvua za Aprili zilipoanza. Kiangazi cha kwanza niliinywesha maji ya kunawia. Baada ya hapo sikuinywesha tena. Msomaji asiukate ugo huu ukawa bapa kama meza, kwani maua hutoka nchani mwa matawi. Ni meupe yenye wekundu kidogo, na jioni harufu yake hufika hadi barazani.

Sasa watoto wa jirani ndio wavunaji, midomo imegeuka rangi. Mama yao huja na bakuli lake, na hata leo, kabla hajawagawia, hunitazama na kuuliza: "Mwalimu, haya kweli hayana neno?"