Safari ya Samaki Hai Katika Milima ya Kisii na Nyamira

Nchi ya Wakisii ni nchi ya milima na mabonde. Juu ya vilima kuna nyumba na migomba. Ubavuni kuna mashamba ya chai na mahindi. Na chini kabisa, mahali penye chemchemi, ndipo palipochimbwa mabwawa ya samaki. Mgeni apitaye upesi kwa motokaa huenda asiyaone, kwa kuwa yamefichwa na miti, lakini yamo mengi.

Kazi hii ya kufuga samaki si mpya katika Kenya. Kituo cha Sagana, chini ya Mlima Kenya, kilianzishwa mwaka 1948. Baadaye, mwaka 2009, Serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimbia wakulima mabwawa 200 katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi, na wakulima wa Kisii na Nyamira walipata fungu lao. Huko Kegati, karibu na mji wa Kisii, kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambapo ngege na kambale huzalishwa na vifaranga wake kupewa wakulima.

Lakini kifaranga aliyezaliwa Kegati hana faida kwa mtu wa Borabu mpaka afike Borabu akiwa hai. Bwawa la meta mraba 300, kwa kadiri ya samaki watatu kwa kila meta, lahitaji vifaranga wapatao 900. Mkulima amekwisha kulipa wachimbaji, amekwisha kununua vifaranga na kukodi gari. Wakifa njiani, hasara si ya siku moja, bali ni ya miezi yote ambayo bwawa litakaa tupu.

Yafaa basi tujue kinachowaua. Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji, na hewa hiyo ni kidogo. Maji yakipata joto, hewa hupungua zaidi, na huku samaki mwenyewe hutaka hewa nyingi kuliko kwanza. Tena samaki aliyeshiba huchafua maji, na uchafu huo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Kwa hiyo ndoo iliyojaa maji na samaki, ikikaa juani nyuma ya gari, ni kaburi lao.

Matayarisho huanza siku moja kabla ya safari. Vifaranga hawapewi chakula siku hiyo, ili matumbo yao yawe matupu. Kisha hutiwa katika mfuko mzito wa nailoni ulioingizwa ndani ya mfuko wa pili. Maji hujazwa theluthi moja tu. Theluthi mbili zilizobaki hujazwa oksijeni kutoka katika mtungi, na mdomo wa mfuko hufungwa kwa mpira, kwa nguvu. Kupuliza kwa kinywa hakufai, maana pumzi ya mtu imekwisha punguka oksijeni. Mfuko huwekwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu au gunia lililoloweshwa maji, mbali na jua na mbali na joto la injini. Wafanyao biashara ya samaki wa mapambo, wale wafugwao katika vioo majumbani, hufuata njia hiyo hiyo.

Sasa twende safari. Toka mji wa Kisii barabara moja yapita Keumbu hadi Keroka, kisha Borabu na Sotik. Nyingine yakwenda Nyamira na kuendelea upande wa Kericho. Hizo ni za lami. Taabu huanza ukiziacha na kushika njia za udongo mwekundu ziteremkazo mabondeni, kwa kuwa mvua hapa hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi alasiri. Mwenye busara huondoka alfajiri: maji ni baridi na njia ni kavu. Aletaye vifaranga kutoka Sagana ana safari ya zaidi ya kilometa 350, kwa njia ya Nairobi, Narok na Bomet. Huyo heri asafiri usiku.

Wengi wakiwa njiani hutamani kufungua mfuko ili samaki "wapumue". Wasifanye hivyo. Oksijeni itatoroka, na tena pumzi ya samaki iliyofungiwa humo huyatia maji uchachu kidogo, na uchachu huo huizuia amonia isiwe kali. Ufunguapo mfuko, pumzi hiyo hutoka, na sumu huamka.

Hatari ya mwisho ipo ukingoni mwa bwawa. Maji ya mabonde ya Nyamira ni baridi, na samaki akitupwa ghafula kutoka maji ya vuguvugu hadi maji ya baridi huweza kufa baada ya kuvumilia safari nzima. Mfuko na uelee bwawani, ukiwa bado umefungwa, kwa muda wa dakika 15 hadi 30, hadi joto la maji ya ndani na la maji ya nje lilingane. Hapo ufunguliwe, yaingizwe maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha mdomo wake ulazwe majini bila kuchelewa tena, vifaranga watoke wenyewe.

Utaona, basi, kwamba dereva hodari peke yake hatoshi. Maisha ya samaki hawa yamo zaidi mikononi mwa yule awafungaye asubuhi na yule awapokeaye bondeni. Mwenda pole hajikwai; na mkulima awezaye kungoja nusu saa ukingoni mwa bwawa lake ndiye atakayevua.