Ganda la Risasi na Bunduki Yake

Hapa kwetu Nyegezi ukitaja neno "dai", watu watadhani unadaiwa dukani. Fundi bomba yeye anajua dai nyingine: kile chuma cha kuchongea meno ya bomba. Bomba la nusu inchi lina dai yake, la robo tatu lina yake, na ukilazimisha umeharibu bomba. Kumbe iko na dai ya tatu, ya maganda ya risasi, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi tangu nianze riwaya yangu ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mhusika wangu ni askari wa Mjerumani. Katika kikundi chetu cha kusomeana kazi, mwenzangu mmoja aliniuliza: "Sasa huyo bwana akiishiwa risasi, si aokote maganda ayajaze tena? Shaba si ipo pale chini?"

Swali la maana hilo. Bunduki inapolia, nguvu ya baruti hulivimbisha ganda mpaka likashika umbo la chemba ya bunduki ile ile. Na chemba hazilingani, hata kwa bunduki za aina moja. Ili ganda litumike tena, husukumwa ndani ya dai likabanwa. Hapo ndipo penye kuchagua. Kuna dai inayobana shingo ya ganda tu, na kuna inayobana ganda zima. Mwenye bunduki moja hufaidika na ile ya shingo, maana ganda limekwisha kuizoea chemba yake. Lakini mwenye bunduki nne, au anayetaka kumgawia mwenzake, hana budi kubana ganda zima, hata kama shaba itachoka mapema.

Kwa bunduki kuukuu za jeshi jambo hili ni zito zaidi. Lee-Enfield ya Waingereza, ile ya .303, mara nyingi chemba yake ni pana, kusudi risasi iingie hata penye matope. Ukilibana ganda lake zima kila mara, linavimba na kubanwa, linavimba na kubanwa, mwishowe linakatika karibu na kitako. Baada ya vita kuu bunduki hizo ziliuzwa kwa raia huko Uingereza na Marekani, na wenye nazo hubishana sana juu ya dai. Kwetu huo si mchezo wa uani. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka kibali. Mimi natafuta ukweli wa riwaya tu.

Na ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani walishika Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye baruti nyeusi inayotoa moshi wa kumsaliti aliyejificha. Novemba mwaka ule Waingereza walishindwa Tanga, wakaacha bombom 16 na risasi kama laki 6. Lakini risasi ya .303 haina kazi katika Mauser, na hakuna dai ya kuigeuza iwe ya milimita 11. Ilibidi askari washike na bunduki za adui.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojificha chini ya bendera ya Denmark, ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikipigwa mizinga. Ilileta Mauser mpya za mwaka 1898 na risasi zake, lakini risasi zikaingia maji ya bahari. Maganda hayakuwa yamepigwa, kwa hiyo umbo lilikuwa salama; kilichoharibika ni baruti na fataki. Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wao, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba askari walikalishwa Moshi kwa miezi, asubuhi hadi jioni, wakifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadili fataki. Zilizokuwa nzima zilipewa bombom. Zilizojazwa upya, ambazo moja katika kila tano hivi ilikataa kulia, zilikwenda vitani. Mbaya zaidi zikawa za mazoezi.

Moja katika kila tano! Hesabu ipo, lakini jina la hata mmoja wa waliojaza sijalikuta.

Basi nimemweka mhusika wangu pale Moshi, vidole vyeusi kwa baruti. Hajui risasi anayoijaza ataipata nani: yeye mwenyewe, ndugu yake, au mtu asiyempenda. Julai 1916 Waingereza wanapoitwaa Mwanza na Wajerumani kurudi nyuma kuelekea Tabora, yeye amebaki na risasi tano. Mwenzangu anasema wasomaji wanataka mapenzi, siyo fataki. Mapenzi yatakuwepo, asiwe na shaka. Ila kwanza anivumilie nimalize sura hii ya Moshi, maana bila kumwona mtu huyu akijaza, hataogopa pamoja naye atakapobonyeza.