Sauti Kamili ya Ngoma Ndani ya Nyumba

Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Wengi hulichukua neno hili kuwa onyo juu ya kila sauti kubwa, na mtu akipiga muziki nyumbani kwake hata majirani wakausikia, huambiwa mara moja kwamba hana adabu. Sisi walimu watatu, tukaao nyumba moja karibu na Nduta katika wilaya ya Kibondo, twaona kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Tumelichunguza kwa muda wa miaka miwili, kwa masikio yetu, kwa fedha za mishahara yetu, na mbele ya majirani zetu. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji yale tuliyoyapata, nao wayapime wenyewe.

Kwanza na tuulize, kwa nini mtu mwenye akili timamu atake sauti kubwa chumbani mwake? Kwetu sisi jibu lilitoka katika ngoma. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea watu waliotoka Burundi, nao walikuja na ngoma zile kubwa ambazo uchezaji wake uliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Ngoma hizo huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti uneneshao ngoma. Wapigaji husimama kwa nusu duara, na hesabu ya ngoma zao daima ni witiri. Moja, iitwayo inkiranya, hukaa katikati na kuongoza. Zile ziitwazo amashako hushika mwendo usiobadilika. Na ibishikizo hufuata liamriwalo na inkiranya. Mtu asimamaye hatua 10 mbele yake hasikii kwa masikio tu: kifua chake hupokea pigo, na ardhi humpa jingine kwa nyayo.

Sasa mtu huyo akirudi nyumbani, akaisikiliza ngoma ile ile katika redio ndogo au katika simu, husikia vijiti juu ya debe. Aghalabu kosa si la yule aliyeirekodi. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sikio la mwanadamu halizipokei sauti nene na sauti nyembamba kwa usawa. Na kadiri sauti yote ipunguzwavyo, ndivyo zile nene zitanguliavyo kupotea. Basi ngoma ikichezwa kwa sauti ndogo hupungukiwa na tumbo lake. Mchoraji aweza kuipunguza picha ya twiga hata ikaenea kwenye kiganja, naye akabaki twiga. Lakini ngoma ukiipunguza sana huwa kitu kingine. Atakaye kuisikia ilivyo, hana budi kuisikia kwa kimo chake.

Hapo ndipo shida ya umeme ianzapo. Sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake huwashangaza wanafunzi wetu. Kuongeza desibeli 10, umeme sharti uzidishwe mara 10; kuongeza desibeli 20, mara 100. Spika nyingi za majumbani hutoa desibeli 85 hivi zipewapo wati 1, mpimaji akiwa umbali wa mita 1. Katika umeme wote ule, haifiki hata sehemu moja kwa mia igeukayo kuwa sauti. Iliyosalia huishia kuupasha moto waya ulio ndani ya spika. Lakini iko namna nyingine ya spika, yenye karatasi pana na nyepesi, sumaku ya nguvu, na pembe mbele yake, ambayo kwa wati hiyo hiyo moja hutoa desibeli 100 na zaidi. Tofauti ya desibeli 15 yaonekana ndogo kwenye karatasi, kumbe maana yake ni umeme mara 30. Lile ambalo spika hii hulifanya kwa wati 3, ile nyingine hulitakia wati 90 na zaidi. Sisi tunaoishi kwa sola na betri moja, hesabu hiyo hatuwezi kuipuuza.

Wala pembe si jambo geni kwetu. Mwindaji alipopuliza pembe ya mnyama mlimani, pumzi ya mtu mmoja ilisikika bonde la pili. Santuri za kwanza zilitumia siri hiyo hiyo bila umeme wowote: sindano ilitikisa kiwambo kidogo, na pembe ikauchukua mtikisiko ule ikaujaza chumba. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda kurekodi nyimbo Bombay mwaka 1928, nyumba zilizozipokea santuri zake zilizipiga kwa mashine za kukaza kwa mkono. Senema zilipoanza kunena, karibu na mwisho wa miaka ya 1920, amplifaya za siku zile zilikuwa na wati chache tu, nazo zilijaza jumba la watu mamia kwa sababu nyuma ya pazia palikuwa na pembe kubwa. Baadaye Paul Klipsch, wa mji wa Hope huko Arkansas, aliikunja pembe ndefu ndani ya sanduku la mbao na kuliweka katika kona ya chumba, ili kuta mbili zenyewe ziendeleze mdomo wa pembe. Kampuni yake aliianzisha mwaka 1946.

Kwa nini aliihitaji kona? Kwa sababu sauti nene ina wimbi refu. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la mita 8 na nusu, na pembe ya kulichukua wimbi hilo yataka mdomo mpana mno. Ndiyo maana honi za bati zifungwazo juu ya msikiti au kanisa hufaa sana kwa maneno, nazo hazifai kwa ngoma. Fundi aliyetufundisha kazi hii alisema kwamba mambo matatu hayakai nyumba moja: sanduku dogo, sauti nene, na ulaji mdogo wa umeme. Chagua mawili, la tatu litakukimbia.

Sisi tulichagua sanduku kubwa. Tulinunua spika mbili za inchi 15 kutoka kwa bendi moja ya Kasulu iliyokuwa imevunjika, na seremala akatutengenezea masanduku mawili ya mbao nzito, kila moja likifika kifuani mwa mtu. Juu ya kila sanduku tuliweka honi ndogo kwa sauti nyembamba. Katika maandishi ya kiwanda, spika zile hutoa desibeli 97 kwa wati 1. Basi kwa wati 10 zapata 107. Tuliyaweka masanduku katika kona mbili za chumba. Kuta zetu za matofali ya udongo, nene na nzito, zilifaa kuliko tulivyotumaini. Bati la paa ndilo lililotutesa, maana kila pigo la ngoma lililitetemesha likalia kama nyuki. Tulilituliza kwa kukata mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli na kuipachika kati ya bati na mbao zake.

Katika kutafuta amplifaya tuliona jambo ambalo yafaa kila mnunuzi alijue. Dukani tulionyeshwa moja iliyoandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Tukaomba kuona fyuzi yake: ilikuwa ya ampea 5. Betri ni ya volti 12. 12 mara 5 ni 60. Chombo kisichoweza kupokea zaidi ya wati 60 hakiwezi kutoa 3000, kama vile mtungi wa lita 20 usivyoweza kumimina pipa. Hilo tumelifanya kuwa swali la hesabu darasani, na watoto hucheka walipatapo jibu. Tuliiacha ile ya dhahabu, tukachukua ndogo isiyo na majivuno, yenye wati 10 kwa kila upande.

Betri yetu ni ya ampea-saa 100, yaani wati-saa 1200. Asiyetaka kuiua mapema huchukua nusu yake tu, 600. Amplifaya ikila wati 20, tuna saa 30; kama ingekula 200, tungekuwa na saa 3, kisha giza, wala hakuna taa ya kusahihishia madaftari. Wakati wa masika, mawingu yakikaa siku nyingi, hata hizo 20 twazihesabu kwa ubahili.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza tuliwazungukia majirani kuomba ruhusa. Tulikuwa na sababu. Hapa petu wako watu waliokimbia milio ya bunduki, na darasani mwetu alikuwamo mtoto ambaye radi ikipiga juu ya bati huingia chini ya dawati. Kwa mtu kama huyo, pigo litokalo ghafula nyuma ya ukuta si muziki. Basi tuliwaambia siku na saa: Jumamosi, saa tisa alasiri. Tukawaalika waje.

Kati ya waliokuja alikuwamo mzee mmoja Muha wa miaka 80 hivi, aliyezisikia ngoma za mwami wa Muhambwe kabla utawala wa watemi haujafutwa mwaka 1963. Alikaa kimya muda wote, kiganja chake kikiwa juu ya ukuta. Ngoma za Burundi zilipomalizika tulimwuliza, “Mzee, waionaje?”

Akajibu, “Walimu, ngoma imo. Lakini imempigia nani?”

Tukamwomba atufafanulie. Akasema kwamba ngoma kubwa haikupigwa kamwe kwa ajili ya mtu mmoja. Ilipolia, nchi nzima ilijua sababu yake, na kila aliyeisikia alikuwa na sehemu katika jambo lile. “Hili sanduku lenu,” akasema, “lawafurahisha watatu, na kilima chote chasikia. Mkiliwasha mmekwisha kuwaita watu. Na ukimwita mtu, mpe mahali pa kuketi.”

Neno hilo tumelitafakari sana, kwa maana laonyesha tofauti iliyofichwa na spika nzuri. Ukubwa wa sauti ya ngoma ulikuwa wito. Sisi twaweza sasa kuwa na ukubwa ule bila wito, kwa wati chache, saa yoyote tupendayo, na kwa uwezo huo twamfanya jirani awe mhudhuriaji wa tamasha asilolichagua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yagusa habari za kelele, na ni vema iwepo. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hatakwenda mjini kutushitaki. Atavumilia tu, na uvumilivu wake tutauhesabu kuwa ni idhini. Huko ndiko ujirani uharibikiako.

Tena kuna hatari yetu wenyewe. Amplifaya dhaifu ikilazimishwa juu ya spika mbovu, sauti hupasuka na kukwaruza, na msikilizaji huipunguza bila kuambiwa. Spika ya uwezo mkubwa haitoi onyo hilo. Yatoa sauti safi, laini, isiyochosha, na mtu huketi ndani yake asijue imefika wapi. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vipokeavyo mitetemo, na kwa mwanadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini yashauri mtu asizidi saa 8 kwa siku katika desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda upunguzwe nusu. Basi 88 ni saa 4. 91, saa 2. 94, saa 1. Na 100 ni robo saa tu. Katika viti vyetu, ngoma ikiwa kwenye kimo chake, muda wetu haufiki saa nzima. Asiye na kipimo atumie hiki: ikiwa hana budi kupaza sauti ili asikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, saa yake imeanza kuhesabiwa. Mwalimu aliyepoteza sikio lake hawezi tena kumsahihisha mtoto atamkaye vibaya, wala kumsikia yule aulizaye kwa woga kutoka dawati la nyuma.

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu. Sauti kamili ni Jumamosi alasiri, muda usiozidi nusu saa, mlango wazi na mikeka uani, na kila ajaye huleta ombi lake. Kukiwa na msiba au mgonjwa katika nyumba za jirani, hatuwashi. Siku nyingine twasikiliza kwa sauti ya mazungumzo. Ngoma hupungukiwa na tumbo lake, nasi twakubali. Yule mtoto wa chini ya dawati alikuja Jumamosi ya tano. Alikaa nje kabisa, karibu na njia, kisha akaomba aonyeshwe kitufe cha kuzimia. Tulimwonyesha, akakizima, akakiwasha tena mwenyewe. Tangu hapo kazi hiyo ni yake.

Ndugu wasomaji, atakaye kujenga spika za namna hii tutamsaidia kwa furaha, kwa maana si ghali kama watu wadhanivyo, na mbao na mafundi twanao. Lakini na ashike mpango. Aanze kwa majirani. Kisha akague fyuzi. Kisha ahesabu betri yake na masikio yake. Anayeanza kwa kununua na kumaliza kwa kuomba radhi ameupindua mpango, na radhi hiyo, hata akipewa, haimrudishii usingizi aliyekwisha kuupoteza.